Mstari wa Maji wa Bwana Gramu

TANGAZO. Wakazi wote wa nyumba hii wanaarifiwa kwamba, kuanzia Jumatatu saa mbili kamili asubuhi, meza ya kulia chakula itahamishiwa barazani kwa muda usiojulikana. Atakayependa kula ndani atakula jikoni, akiwa amesimama. Samahani haitatolewa, kwa kuwa taarifa imetolewa mapema. Nakala: Mke, Shemeji, Jalada.

Wakazi wote wa nyumba ile walikuwa watatu, na mmoja wao ndiye aliyeandika tangazo. Alilipiga chapa kwa taipureta na kulibandika kwenye mlango wa friji, juu ya tangazo la mwezi uliotangulia lililohusu matumizi ya kiberiti. Shemeji aliyetajwa kwenye nakala ni mimi, kaka wa mkewe, mwalimu mstaafu wa historia, ambaye tangu nifiwe na mke nilikuwa nimepewa chumba cha uani.

Mume wa dada yangu, ambaye mimi nami humwita shemeji, alikuwa mkaguzi wa vipimo kwa miaka thelathini na mmoja. Alizunguka masokoni na madukani akiwa na mkoba wa mawe ya shaba, akapima mizani za watu, akapiga muhuri zilizosema kweli na kufungia zilizodanganya. Sokoni walimwita Bwana Gramu, kwa sababu aliwahi kulifunga duka la unga kwa upungufu wa gramu kumi na mbili. Jina lenyewe halikumkera. Alichokuwa akisahihisha ni watu waliosimulia kisa hicho wakisema gramu kumi na tano.

Alipostaafu, alikata shauri la kujenga sebuleni, mahali palipokuwa na meza, kayaki ya mbao, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, ya kuvulia samaki katika bwawa la maji lililo kilomita tatu kutoka nyumbani. Hakuwa amewahi kuvua samaki hata mmoja. Nilipomuuliza sababu, alisema kwamba kayaki ni chombo pekee ambacho hesabu zake hutoka sahihi au humwangusha mtu majini, na kwamba alikuwa amechoka na vitu vya kujadiliwa. Ili msomaji asihangaike kungoja jambo lisilotokea, niseme mapema kwamba boti ilipita mlangoni. Alikuwa ameupima mlango kabla ya kununua hata msumari.

Kayaki hukatwa kwa mwili wa mtu, kama suti. Urefu wa mguu huamua mahali pa kukanyagia, upana wa nyonga huamua kiti, na uzito huamua itazama kiasi gani, yaani mstari wa maji utapita wapi ubavuni. Katika kona ya juu ya mchoro, mahali ambapo wengine huandika jina la chombo, aliandika: Mwendeshaji, kilo 86. Tarakimu hiyo aliitoa kwenye cheti cha afya alichopewa siku ya kustaafu, miezi tisa nyuma, chenye muhuri wa zambarau na sahihi mbili. Mizani iliyompima siku ile aliikagua yeye mwenyewe wiki mbili kabla. Kwa mtu wa kazi yake huo ulikuwa ushahidi kamili, ambao hata mwili wake haukuwa na mamlaka ya kuupinga.

Mwili ulikuwa umeanza kuupinga kitambo.

Wa kwanza kujua alikuwa dada yangu, ambaye ni fundi cherehani na hutembea na tepu shingoni hata anapokwenda kuchota maji. Alizipunguza suruali za mumewe mara mbili bila kusema neno. Mara ya tatu alizileta sebuleni, ambako sisi wawili tulikuwa tumeinamia mchoro, akaziweka juu ya rula.

"Mume wangu, mara ya kwanza nilitoa inchi moja. Mara ya pili, moja na nusu. Leo nimetoa mbili. Nikiendelea hivi, mifuko ya nyuma itakutana."

"Ikikutana utashona mmoja mkubwa."

"Nenda hospitali."

"Kitambaa kimelegea. Wewe mwenyewe huwaambia wateja wako hivyo."

"Huwa nawadanganya."

Alimtazama mkewe kwa heshima, kama alivyokuwa akimtazama mfanyabiashara anayekiri kosa bila kubanwa. Kesho yake kulikuwa na karatasi mpya kwenye friji. Iliitwa Ahadi ya Maandishi, nayo ilisema kwamba mtia sahihi angekwenda kupimwa hospitali siku moja baada ya kayaki kupata cheti kutoka ofisi ya usalama wa bwawa, na kwamba kabla ya siku hiyo mjadala umefungwa. Dada aliibandua, akaikunja mara nne na kuitia kwenye kopo la vifungo.

"Atakwenda?" nilimuuliza.

"Ameandika."

Alikuwa sahihi. Yule bwana hakuwahi kuvunja ahadi aliyoiandika, wala kutimiza ambayo hakuiandika. Tangu siku hiyo dada yangu hakuwa na njia nyingine ya kumfikisha mumewe hospitali ila kuimaliza boti. Na hivyo ndivyo mimi, ambaye msumari haujawahi kuniingilia ukutani ukiwa umenyooka, nilivyofunga kibwebwe na kuwa fundi boti.

Kazi yenyewe haikuwa na fumbo. Mbao za plaiwudi nyembamba zilichorwa kwa penseli, zikakatwa kwa msumeno wa meno madogo, zikatobolewa matundu kingoni, kisha zikashonwa pamoja kwa waya wa shaba. Baada ya hapo maungio yalijazwa gundi nzito, ile ya makopo mawili inayochanganywa, na ikishaganda waya hukatwa. Kushona tulimwachia mwenye fani. Dada alipiga magoti sakafuni na koleo mkononi, akapitisha waya tundu hadi tundu kwa mwendo uleule anaopindia kola.

"Hii ni suruali," alisema. "Mshono wa ndani huu, wa nje ule, na hapa ndipo kiuno."

"Ni chombo cha majini," mumewe alijibu kutoka kitini. Siku hizo alisimamia zaidi kuliko alivyoshika randa.

"Ni suruali ya mbao. Na yenyewe itakupwaya."

Pete ya ndoa mumewe alikuwa ameivua wiki ile, akieleza kwamba inakwaruza mbao. Chakula alikila kwa vijiko vinne au vitano, kisha akasukuma sahani pembeni kwa utaratibu, kama mtu anayerudisha jalada lililokwisha shughulikiwa. Kila baada ya mapigo ishirini ya msasa alikaa. Mwanzoni nilidhani anapumzika. Baadaye nikagundua kwamba anahesabu mapigo ili asikae kabla ya ishirini. Wiki iliyofuata alikaa baada ya kumi na tano.

Siku ya kujaribu kiti, aliingia kwenye boti ikiwa imelazwa juu ya matairi mawili hapo sebuleni. Kiti kilikuwa kimechongwa kwa vipimo vya nyonga zake kama zilivyokuwa kwenye mchoro, bila nafasi ya ziada. Aliketi. Niliweza kuingiza ngumi yangu upande wa kulia, na dada akaingiza yake upande wa kushoto. Tulizichomoa bila kutazamana.

"Mbao imetanuka," alisema.

"Mbao ikitanuka nafasi hupungua, shemeji," nilimwambia.

"Hutegemea na mbao."

Akaagiza sponji. Tulibandika vipande viwili, na baada ya siku kumi, vinne.

Ndipo dada alipokwenda mjini akarudi na mizani ya kukanyaga, ndani ya boksi lake, na kuiweka sakafuni karibu na kayaki. Mumewe alipanda bila kubishana. Sindano ilitikisika, ikatulia kwenye sitini na saba.

Hakupepesa jicho. Alishuka, akaufungua ule mkoba wake wa zamani, akatoa mawe manne ya shaba, ya kilo tano kila moja, akayapanga juu ya mizani. Sindano ilisimama kwenye ishirini barabara. Akainama kuisoma, akatoa daftari, akaandika.

"Umeona?" dada alisema. "Inasema kweli."

"Inasema kweli kwenye ishirini. Nimekamata mizani nyingi zinazosema kweli kwenye ishirini na kudanganya kwenye themanini. Ndiyo ujanja wao wa kwanza."

"Basi weka mawe ya themanini."

"Sina."

"Basi hujui."

"Ndiyo, sijui. Na kisichojulikana hakiandikwi."

Akabandika kwenye mizani karatasi ndogo nyekundu yenye neno IMEZUIWA, akaisukuma chini ya kabati kwa mguu. Nimesoma vitabu vingi vya watu waliojidanganya, na karibu wote walihitaji uongo ili kufanya hivyo. Huyu hakuhitaji. Kila alilosema kuhusu mizani lilikuwa la kitaalamu na la kweli, na hapo ndipo hofu iliponishika, kwa sababu sikuona mahali pa kuikamata hoja yake.

Jumamosi moja alikuja mwenye bucha ya mtaa wa pili. Kwa miaka ishirini walikuwa wakichukiana kwa adabu, tangu mizani ya bucha ilipofungiwa siku mbili kabla ya sikukuu. Aliingia akiwa na aproni yake, mikono nyuma, akimwigiza mkaguzi.

"Nasikia Bwana Gramu anaunda meli. Leo nimekuja kukagua mimi." Aligonga ubavu wa boti kwa kidole. "Imepungua gramu ngapi hii?"

"Haijapungua," sauti ilijibu kutoka chumbani. "Wewe ondoa kiatu chako kwenye mbao zangu."

"Nimekanyaga kidogo tu. Gramu kumi na tano."

"Kumi na mbili."

Mwenye bucha alikuwa tayari amefungua kinywa kucheka, na shemeji akatokea mlangoni, koti limefungwa vifungo vyote mchana wa joto. Kicheko hakikutoka. Mwenye bucha aliitazama boti, akaisifu gundi, akaulizia rangi, akaaga. Nilimsindikiza hadi getini.

"Mwalimu," alisema, akiikunja aproni yake na kuikunjua, "mimi mnyama namnunua akiwa hai. Namkadiria kwa macho. Nikikosea kilo tano, nimeumia."

"Najua."

"Yule bwana nimemkadiria kila alipoingia dukani kwangu. Kwa chuki tu, nisikufiche. Themanini na tano, themanini na sita. Hakuwahi kubadilika."

"Na leo?"

"Sitini na nne." Alitazama barabarani. "Ningependa nikosee."

"Huwa unakosea?"

"Kwa mnyama aliyefika hivyo, huwa sifiki kwenye kutaja bei. Naondoka."

Hakuja tena, ila jioni ile alituma kilo mbili za ini, zikiwa zimefungwa vizuri. Shemeji alizipima. Zilikuwa mbili na gramu arobaini. Alikaa akiitazama ile ziada kwa muda mrefu, kama kitu ambacho sheria haikukitarajia.

Ikabaki rangi. Kanuni za bwawa zinataka kila chombo kichorwe mstari mwekundu mahali maji yatakapofika mwenye chombo akiwa ameketi ndani, na siku ya ukaguzi mstari na maji vilingane; tofauti inayovumiliwa ni milimita tano. Shemeji aliuchora mwenyewe, akitambaa kando ya boti na rula ya chuma, akapumzika mara tatu kila ubavu. Ulikuwa mstari ulionyooka kuliko wowote niliowahi kuuona, na ulikuwa mstari wa mtu wa kilo themanini na sita.

Alipokwenda kulala mchana, nilichukua mchoro na kupiga hesabu. Si ngumu. Kwa umbo la boti ile, kila sentimita ya kuzama ni kilo kumi na tano. Nikaenda barazani, ambako dada alikuwa ameketi kwenye ile meza iliyohamishwa, akishona mfuko wa kuwekea nyavu.

"Ukaguzi ni kesho kutwa," nilimwambia. "Mstari ule utakataliwa. Boti itaelea juu mno, kama sentimita moja na nusu. Upana wa kidole. Nikiushusha sasa hivi akiwa amelala, hatagundua. Atapata cheti, na siku inayofuata yuko hospitali, kama alivyoandika."

Hakuacha kushona. "Na huko hospitali watamweka juu ya nini?"

Nilivuta kiti cha pili, nikaketi.

"Watamweka kwenye mizani, kaka. Atawauliza muhuri wake uko wapi. Atarudi nyumbani kabla ya chakula, amewafungia." Alikata uzi kwa meno. "Mizani yangu ameibandika karatasi. Tepu yangu anasema imevutika. Maji atayabandika nini? Acha mstari ulipo. Nataka ayaone maji yakiwa chini yake, auone na mstari, wala asiwe na mtu wa kumlaumu."

"Asipokubali je?"

"Macho yale yaliona gramu kumi na mbili kwenye gunia la unga. Yataona kidole."

Nilikuwa na kopo la rangi mkononi, na nilikuwa na mkono uliotulia vya kutosha kwa kazi ile. Nikalirudisha kwenye rafu. Nimejaribu mara nyingi tangu siku hiyo kuutafutia uamuzi ule kosa, na sijalipata, jambo ambalo halinipi nafuu yoyote.

Siku ya ukaguzi bwawa lilikuwa limetulia kama kioo cha meza. Hapakuwa na upepo, na maji yalikuwa ya kijivu hadi ng'ambo. Afisa wa usalama wa vyombo, mtu mnene mwenye jaketi la rangi ya chungwa na kalamu tatu mfukoni, alitungoja kwenye ngazi za zege. Tuliishusha kayaki. Dada alishika kamba ya mbele, mimi ya nyuma, na mwenye chombo akaingia. Boti haikutikisika kama inavyotikisika mtu anapoketi. Ilipokea mwili wake kana kwamba amewekewa mto.

Mstari mwekundu ulisimama nje ya maji, pande zote mbili, kutoka mbele hadi nyuma. Chini yake palikuwa na utepe wa mbao kavu, mwembamba, wenye upana uleule mwanzo hadi mwisho.

Shemeji aliegemea upande, akatazama. Nilikuwa nimemwona akisoma mizani mamia ya mara, na sasa alisoma kwa namna ileile, kidevu kimeingia ndani, pumzi imezuiwa ili isisukume sindano. Akatoa rula ya chuma mfukoni, akaizamisha.

"Milimita kumi na tano," alisema.

Midomo yake ikaanza kutembea. Nilijua anachohesabu, kwa sababu nilikuwa nimekihesabu. Alipomaliza, midomo ilitulia, na uso wake ukawa uso wa mtu aliyeitwa kwa jina lake kamili katika chumba cha kungojea. Alimtazama mkewe. Dada alilegeza kamba kidogo mkononi, na kwa muda huo, ambao sikuupima, nadhani sisi sote watatu tulijua jambo moja.

"Kuna nini?" afisa aliuliza. "Mbona mstari uko juu?"

"Kosa la hesabu," shemeji alisema. "Mchoro ni wangu. Nilikosea eneo la kitako cha boti."

Kwa miaka thelathini na mmoja hakuwa amewahi kutamka neno hilo kuhusu kazi yake. Alilitamka kwa sauti iliyonyooka, na nikaona kwamba angekiri makosa mengine elfu kama yangehitajika.

"Afisa, hesabu haina kosa," dada alisema. "Na mstari hauna kosa. Mume wangu ndiye aliyepungua."

"Mama, mimi nakagua chombo."

"Mtazame basi."

Afisa alimtazama, kwa adabu, kisha akairudia fomu yake. "Kuna sehemu ya urefu, upana, kina na mstari. Ya mwendeshaji hakuna."

"Basi mpe cheti. Mpe leo hii, kesho atakwenda hospitali. Ameandika."

"Kwa tofauti hii siwezi, mama. Ingekuwa milimita sita ningefumba jicho."

"Sio lazima nipewe upendeleo," mumewe alimwambia kutoka majini, taratibu. "Kanuni ni kanuni, mke wangu."

"Kaka, sema," dada aliniambia.

Nikasema. Nilimweleza afisa kuhusu sentimita na kilo kumi na tano, kuhusu cheti cha afya na tarehe yake, kuhusu kiti na sponji. Alinisikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama, na nikaamini anaelewa. Kisha akamgeukia shemeji.

"Mzee, wewe unasemaje? Kosa ni la mchoro au la mwili?"

"La mchoro."

"Utatia sahihi?"

"Nitatia."

Alitia sahihi juu ya goti lake, bila kutoka kwenye kiti, na maji hayakupanda wala kushuka. Dada aliiacha kamba ianguke kwenye ngazi. Niliishika mimi.

"Akirudi hapa," dada alimuuliza afisa, "na mstari mpya ukawa umepanda tena juu ya maji?"

"Hapo tutaona, mama. Fomu ni moja tu kwa kila ukaguzi."

Akaandika kwa kalamu ya pili, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa imeisha wino, akachana nakala na kuisoma kwa sauti, kama kanuni zinavyoagiza:

"Uamuzi. Chombo kimeelea vizuri na hakivuji. Mstari wa maji haulingani na maji. Kosa ni la mchoro, nalo limekiriwa na mwombaji kwa sahihi yake. Mstari upakwe upya, milimita kumi na tano chini ya ulipo sasa. Cheti kimeahirishwa. Mwombaji arudi na chombo baada ya siku sitini, aketi ndani yake mwenyewe, na ukaguzi urudiwe."